Skinner na swali la kujiuliza kabla ya kumchapa mtoto

Mzazi wa mtoto mwenye usonji anapofika kwa mtaalamu wa tabia hukutana na maneno mageni: uimarishaji, kufifia kwa tabia, kujenga tendo hatua kwa hatua. Mengi kati ya hayo yametokana na kazi ya mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, B. F. Skinner. Wiki hii tutazame maisha yake, kwani karibu kila neno lina kisa chake.

Burrhus Frederic Skinner alizaliwa Machi 20, 1904, katika mji mdogo wa Susquehanna, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mwanasheria. Chuoni alisoma fasihi ya Kiingereza, na alipohitimu mwaka 1926 alirudi nyumbani akitaka kuwa mwandishi. Muda ukapita bila kuandika chochote cha maana. Ndipo aliposoma kazi za Pavlov na Watson kuhusu tabia, akaingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1928 na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1931.

Huko alitengeneza kisanduku chenye kipini cha kubonyeza. Panya akikibonyeza, punje ya chakula hudondoka, naye hubonyeza tena na tena. Huo ndio uimarishaji: jambo linalofuata tendo na kulifanya lijirudie. Uimarishaji huwa chanya pale kitu kinapoongezwa, na hasi pale kero inapoondolewa. Wengi hudhani uimarishaji hasi ni adhabu, lakini sivyo. Mtoto analilia biskuti dukani, mama anampa, kelele zinakoma. Mtoto amejifunza kuwa kilio huleta biskuti, na mama amejifunza kuwa biskuti huondoa kelele. Kesho wote wawili watarudia.

Siku moja mashine ya chakula ilikwama. Panya aliendelea kubonyeza, kisha akapunguza taratibu. Huko ndiko kufifia: tendo lisilolipwa tena hupungua. Lakini kabla ya kupungua huweza kupanda kwanza, ndiyo maana mtoto aliyenyimwa biskuti siku ya kwanza hulia kwa nguvu zaidi.

Jumamosi nyingine punje zilikaribia kwisha, na kuzitengeneza ilikuwa kazi kubwa. Skinner akaamua kutoa punje moja tu kwa dakika, hata panya abonyeze mara ngapi. Panya hawakuacha. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa tendo linalolipwa mara mojamoja huwa gumu kufifia kuliko linalolipwa kila mara. Mzazi anayekataa mara nne na kukubali ya tano anakifanya kilio kiwe sugu.

Kuhusu adhabu, kitabu chake cha mwaka 1938 kinaeleza jaribio la kufikirisha. Makundi mawili ya panya yalikatiwa chakula. Kundi moja, kwa dakika chache za mwanzo, kipini kiliwachapa miguu ya mbele kila walipokibonyeza. Walipunguza kubonyeza kwa muda, lakini baadaye idadi yao ikalifikia kundi ambalo halikuchapwa. Kipigo kilikuwa kimelificha tendo tu, hakikuliondoa. Hadi uzeeni Skinner alipinga adhabu ya viboko kwa watoto.

Wengine waliyapeleka mawazo hayo kwa wagonjwa. Mwaka 1964 Montrose Wolf na wenzake walichapisha habari za mvulana mdogo mwenye usonji, aliyeondolewa lenzi za macho kwa sababu ya mtoto wa jicho. Bila miwani angeweza kupoteza uwezo wa kuona, naye alikataa kuivaa. Walianza na fremu tupu. Akiishika alipewa kipande kidogo cha chakula, kisha akiibeba, kisha akiisogeza karibu na macho. Hatimaye aliivaa saa 12 kwa siku. Mwaka 1968 Wolf, Donald Baer na Todd Risley walieleza misingi ya fani hiyo katika jarida jipya, na ikaitwa uchambuzi wa tabia tumizi.

Njia hiyo haikukosa makosa. Miaka ya 1960, huko Los Angeles, kuna watoto wenye usonji waliopigwa shoti ya umeme ili waache tabia fulani. Leo watu wazima wenye usonji hulalamika kuwa baadhi ya tiba zililenga kuwafanya waonekane kama wengine, badala ya kuwasaidia kuishi vizuri. Mzazi ana haki ya kumuuliza mtaalamu ni stadi gani inafundishwa, na inamfaa nini mtoto.

Skinner aligundulika kuwa na saratani ya damu mwaka 1989. Agosti 10, 1990, alihutubia mkutano wa wanasaikolojia mjini Boston, na siku nane baadaye akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 86.

Mpenzi msomaji, tabia ya mwanao ikikushinda, chukua daftari kwa wiki moja. Andika kilichotokea kabla ya tendo, tendo lenyewe, na kilichofuata. Mara nyingi safu hiyo ya tatu ndiyo itakayokuonyesha kinacholilipa tendo hilo. Lakini tabia ikibadilika ghafla, mpeleke kwanza hospitali. Mtoto asiyeweza kusema huenda analia kwa sababu ya jino au sikio linalouma, na maumivu hutibiwa, hayafifishwi.