Edwin Link na ndege isiyoruka
Edwin Link alizaliwa Indiana, Marekani, mwaka 1904, akakulia Binghamton, ambako baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Alijifunza urubani, akaona jinsi masomo yalivyo ghali. Basi akachukua mivukuto na pampu za vinanda, akaunda ndege fupi iliyofungwa sakafuni, inayoinama na kugeuka kwa nguvu ya hewa. Ilikuwa tayari mwaka 1929. Walioinunua mwanzoni wengi walikuwa wenye viwanja vya michezo, kana kwamba ni pembea!

Februari 1934 jeshi lilikabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Marubani wake, waliozoea kuitazama ardhi, waliingia katika theluji na ukungu, na kadhaa wakafa. Ndani ya wingu mwili hudanganya: ndege inalala ubavu, nawe wajihisi umekaa wima. Link akaruka hadi Newark katika hali mbaya ya hewa kuonana na maofisa, akatua salama. Jeshi likanunua mashine 6, kila moja dola 3,500. Humo, chini ya kifuniko, mwanafunzi alizoea kuamini mishale ya vipimo kuliko mwili wake. Akikosea, alianguka bila kuumia.

Baadaye Link aligeukia bahari, akaunda vyombo vya kuzamia. Mwaka 1973 mwanawe alifia ndani ya kimojawapo. Yeye alifariki Binghamton mwaka 1981.