Misiani: Mgeni wa Shirati aliyetikisa River Road

Daniel Owino Misiani alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 17, 2006, alikuwa ameishi Kenya kwa miongo minne na ushei, akitambulika kama babu wa muziki wa benga. Hata hivyo, alikuwa mzaliwa wa Tanganyika, na kila wimbo wake ulipowachoma wakubwa, asili hiyo iligeuzwa fimbo ya kumchapia.

Alizaliwa mwaka wa 1940 karibu na Shirati, mkoani Mara, kusini kidogo mwa mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora katikati ya jamii ya Waluo. Wazazi wake walikuwa Wakristo walioshika dini, na machoni pao gitaa lilikuwa chombo cha anasa. Kijana akavuka mpaka mapema katika miaka ya 1960, akaunda bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz.

River Road, Nairobi, ndiyo iliyompa soko. Katika miaka ya 1970 barabara hiyo ilisheheni maduka ya santuri, vipaza sauti vikihanikiza milangoni, na abiria waliokuwa wakirejea mashambani wakinunua nyimbo mpya kabla ya kupanda mabasi. Wimbo mmoja uligawanywa pande mbili za santuri ndogo: hadithi upande wa kwanza, na upande wa pili magitaa yakaachiliwa yakimbie. Misiani alilicharaza gitaa kwa namna iliyokumbusha nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, mlio wake ukiifuata sauti ya mwimbaji kisha kuipita.

Wapo wanaobisha kuwa benga haikuanza naye. Wapenzi wa John Ogara na George Ramogi wana hoja zao, tena nzito. Lakini ni wachache waliothubutu kuutumia muziki huo kuwasema watawala kama alivyofanya yeye. Aliazima visa vya Biblia na mafumbo ya wanyama, akaimba kwa Kijaluo, na wasikilizaji wake wakajua nani anasemwa. Serikali nayo ilijua. Alikamatwa zaidi ya mara moja na kutishiwa kurudishwa kwao. Kila mara alirudi studioni. Utawala wa Narc ulioingia madarakani mwishoni mwa 2002 haukusazwa pia.

Sifa zilivuka bahari, ingawa kaseti bandia zilizozagaa kuanzia miaka ya 1980 ziliwapokonya wanamuziki wa kizazi chake jasho lao. Zimbabwe ilipenda benga hata ikaipa jina la Kanindo, kutokana na Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyeisambaza. Mwaka wa 1987 Shirati Jazz ilizuru Uingereza, na miaka miwili baadaye albamu ya Benga Blast! ikatolewa huko.

Mnamo 2010, miaka minne baada ya kifo chake, kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo zake za miaka ya 1970, zile zile zilizowahi kuuzwa kwa santuri ndogo, ikazitoa upya katika albamu iliyomtaja kuwa mfalme wa historia.