Harry Thuku na mtambo wa Desai

WALIOMCHUKIA Harry Thuku walikuwa na hoja moja waliyoipenda: kwamba maneno yake hayakuwa yake. Karatasi zake za Kiswahili zilizoitwa Tangazo zilitoka katika mtambo wa Mhindi, Manilal Ambalal Desai, mwenye gazeti la East African Chronicle mjini Nairobi. Kwa walowezi wengi hilo lilitosha kuthibitisha kwamba Mkikuyu huyo alikuwa kibaraka wa Wahindi waliodai haki sawa na Wazungu.

Kuhusu mtambo walisema kweli. Kuhusu mwenye maneno, maisha ya Thuku yanaeleza mengine.

Alizaliwa 1895 Kambui, Kiambu, si mbali na Ruiru, akasomeshwa na wamishonari wa Gospel Missionary Society. Aliingia Nairobi 1911, na haukupita muda akafungwa miaka miwili kwa kughushi hundi. Alipotoka alipata kazi ya kupanga herufi za chapa katika Leader of British East Africa, gazeti la walowezi wenyewe. Mpanga herufi hawezi kukwepa kusoma anachokipanga. Basi ufundi wa kuchapa Thuku aliupata kwa Wazungu, kabla hajamjua Desai, ingawa hakuna aliyewalaumu hao kwa siasa zake.

Wachunguzi wa vitabu adimu vya Kiebrania wanaifahamu hadhari hii. Vitabu kadhaa vya kale vilivyochapishwa katika miji ya Ujerumani vilibeba jina la Amsterdam kwa maandishi makubwa, huku maneno madogo yakieleza kwamba ni umbo la herufi tu lililotoka huko. Anayesoma yale makubwa pekee hupotea njia.

Mwaka 1921 walowezi walikata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Pigo hilo liliwaangukia vibarua wa mashamba ya kahawa na mkonge, kama yale ya Ruiru na Thika, ambako reli ilikuwa imefika 1913. Thuku, wakati huo mpokeaji simu katika Hazina ya serikali, aliunda Young Kikuyu Association, kisha East African Association, kupinga mishahara hiyo, kodi na kipande. Mhindi hakuvaa kipande.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulimiminiwa risasi nje ya kituo cha polisi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume waliosita, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walitaja zaidi ya 50. Thuku alihamishiwa Kismayu, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Desai alifariki 1926 bila kumwona akirejea.

Aliyerudi alikuwa mpole zaidi. Aliachana na wenzake wa Kikuyu Central Association, akapinga Mau Mau, akalima kahawa. Alifariki Juni 14, 1970. Mwaka huo huo tawasifu yake, aliyosaidiwa na mwanahistoria Kenneth King, ilitolewa na Oxford University Press. Sijasikia mtu akidai kwamba kwa sababu hiyo ni maisha ya Mwingereza.