James Watt na Mtambo wa Mvuke

Watu wengi husimulia kwamba James Watt, alipokuwa mtoto, alitazama birika likichemka jikoni, akaona mvuke ukirusha kifuniko, na kwa hiyo akabuni mtambo wa mvuke. Hadithi hii yapendeza, walakini mtambo haukuanza hivyo. Mtambo wa mvuke ulikuwa ukifanya kazi kabla Watt hajazaliwa. Sifa yake ni nyingine, nayo ni kubwa zaidi: aliichukua kazi ya mtu aliyemtangulia, akaiona kasoro yake, akaishughulikia miaka mingi mpaka ikatengenea.

Watt alizaliwa mwaka wa 1736 katika mji wa Greenock, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili, akiugua kichwa mara kwa mara, hata masomo yake mengi ya kwanza aliyapata nyumbani kwa mama yake. Baba akampa zana, naye akazoea kazi za mikono tangu utoto. Alipokuwa na miaka 19 akaenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia. Desturi ya mafundi ilitaka mwanafunzi akae miaka saba. Yeye hakuwa na fedha za kutosha, akajifunza mwaka mmoja tu, usiku na mchana, hata afya yake ikaharibika. Aliporudi Glasgow, mafundi wa mji walimzuia kufungua duka, kwa kuwa hakutimiza miaka ile. Ndipo walimu wa Chuo Kikuu walipomsaidia. Mwaka wa 1757 wakampa chumba ndani ya chuo ili atengeneze vyombo vyao.

Siku zile machimbo ya Uingereza yalikuwa na taabu kubwa. Kadiri watu walivyochimba kwenda chini, ndivyo maji yalivyozidi kujaa. Mwaka wa 1712 fundi mmoja, jina lake Thomas Newcomen, alijenga mtambo wa kuyatoa maji hayo. Ndani ya silinda kubwa mlikuwa na pistoni, yaani kizibo kiendacho juu na chini. Mvuke uliingia chini ya pistoni na kuijaza silinda. Kisha maji baridi yalirushwa ndani, mvuke ukageuka kuwa maji, na silinda ikabaki tupu. Hapo hewa ya nje ikaisukuma pistoni kwenda chini kwa nguvu, na upande wa pili wa boriti pampu ikapanda na maji. Mtambo huo uliokoa machimbo mengi, lakini ulikula makaa ya mawe bila kiasi. Mahali palipokuwa mbali na makaa, gharama yake ilikuwa kubwa mno.

Mwaka wa 1763 Watt aliletewa mfano mdogo wa mtambo wa Newcomen, mali ya Chuo Kikuu, autengeneze. Akautengeneza, lakini ulipiga mapigo machache tu, kisha mvuke ukaisha. Fundi mwingine angaliurudisha na kudai ujira wake. Watt hakuridhika. Akapima maji, akapima mvuke, akatafuta sababu. Akagundua kwamba silinda ilipozwa kila pigo kwa maji baridi, kisha mvuke mwingi ukapotea katika kuipasha moto tena. Silinda ilitakiwa iwe baridi na iwe ya moto kwa wakati mmoja, na jambo hilo haliwezekani.

Alifikiri mpaka mwaka wa 1765. Jumapili moja alipokuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow Green, jawabu likamjia. Mvuke usipozwe ndani ya silinda. Utolewe, ukapozwe katika chombo kingine kilichounganishwa nayo. Hivyo silinda ingekaa na joto lake daima, na chombo cha pili kingekaa baridi daima.

Wazo lilikuja kwa siku moja, lakini kazi ilichukua miaka kumi na zaidi. Mwaka wa 1769 Watt alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Hata hivyo mafundi wa wakati ule hawakuweza kutengeneza silinda kubwa yenye mviringo sawasawa, na mvuke ulivuja kando ya pistoni. Fedha zikaisha, ikambidi Watt apime njia za mifereji ili alishe watu wa nyumbani mwake. Mwaka wa 1773 mshirika wake, John Roebuck, alifilisika. Na katika mwaka huohuo Watt, akiwa mbali kazini, alifiwa na mkewe Margaret. Mtu angaliweza kukata tamaa hapo.

Msaada ukatoka kwa wengine. Matthew Boulton, mwenye kiwanda karibu na Birmingham, aliichukua sehemu ya Roebuck. John Wilkinson alikuwa amebuni mashine ya kutoboa mizinga kwa usahihi, nayo ikafaa kutoboa silinda. Mwaka wa 1776 mitambo ya kwanza ya Watt na Boulton ikaanza kazi. Walioinunua walilipa thuluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Baadaye Watt aliugeuza mwendo wa juu na chini kuwa mwendo wa kuzunguka, na mtambo uliokuwa wa kuvuta maji tu ukaweza kusaga nafaka na kuendesha viwanda vya nguo. Mwaka wa 1788 akautia kidhibiti cha mwendo chenye matufe mawili yazungukayo, kifaa kilichofanana na kile kilichotumika katika vinu vya upepo.

Lakini Watt naye alikuwa na mpaka wake. Aliogopa mvuke wenye nguvu nyingi, kwa kuwa chombo cha kuchemshia kingeweza kupasuka na kuua watu. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ila kwa nguvu ya hati yake aliwazuia pia wengine waliotaka kuurekebisha mtambo. Hati ilipokwisha mwaka wa 1800, njia ikafunguka. Mwaka wa 1804 Richard Trevithick aliutumia mvuke wa nguvu nyingi kuendesha gari juu ya reli huko Wales, likavuta tani 10 za chuma. Watt alifariki mwaka wa 1819, akiwa na miaka 83. Mwaka wa 1884 Charles Parsons alifanya mvuke uzungushe magurudumu yenye mapanga, bila pistoni. Na huko Olkaria, nchi ya Kenya, tangu mwaka wa 1981 mvuke utokao chini ya ardhi huzungusha mitambo ya namna hiyo na kutoa umeme.

Umeme huo hupimwa kwa wati, kipimo kilichopewa jina la James Watt. Basi atazamaye taa na kusoma idadi ya wati iliyoandikwa juu yake, asome jina la mtu aliyeletewa kitu kibovu akitengeneze, asikubali kukirudisha jinsi kilivyokuwa.