Whyte: Mwandishi aliyeamini kuwa ua mrefu humlinda mhalifu

KATIKA miaka ya 1970, wakazi wengi wa New York waliogopa kukatiza Bustani ya Bryant. Iko katikati ya jiji, nyuma ya maktaba kuu, lakini walanguzi wa dawa za kulevya walikuwa wameigeuza maskani yao.

Aliyefichua kiini cha tatizo hilo hakuwa afisa wa polisi. William H. Whyte, mzaliwa wa West Chester, Pennsylvania, mwaka wa 1917, alikuwa mwandishi. Alipigana Guadalcanal katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akajiunga na jarida la Fortune mnamo 1946, na kitabu chake cha 1956, The Organization Man, kikampa umaarufu.

Hata hivyo, kipaji chake kikubwa kilikuwa kutazama. Tangu mapema miaka ya 1970, yeye na wasaidizi wake walipiga filamu viwanja vya jiji, wakihesabu ni nani aliyeketi wapi na kwa muda gani. Walibaini jambo ambalo wasanifu walikuwa wamelipuuza: watu huvutwa na watu wenzao, na huketi palipo na pa kuketi. Wanawake walikuwa kipimo chake. Wakiadimika mahali, basi pana kasoro.

Alipoombwa kuichunguza Bryant, alilaumu umbo lake. Bustani ilikuwa imeinuliwa juu ya barabara na kuzingirwa kwa ua wa mimea na vyuma, milango ikiwa michache. Aliyekuwa ndani hakuonekana kutoka nje. Ua uliokusudiwa kuleta utulivu ulimpa mhalifu pazia.

Wenye majengo wengi walizoea kuwafukuza wasiotakikana kwa kuweka miiba ya chuma penye kukalika. Whyte alipinga vikali: hatua hizo humfukuza mwananchi kwanza, na mhalifu hubaki na uwanja mtupu. Alipendekeza ua uondolewe, milango ipanuliwe, chakula kiuzwe na viti viwe vya kuhamishika, ingawa wenye shaka walihofia vingeibwa.

Bustani ilifungwa mwaka wa 1988 na kufunguliwa tena 1992 ikifuata mengi ya mapendekezo hayo. Umati ulirejea na uhalifu ukapungua sana, japo, haki isemwe, walinzi na usafi wa kila siku pia vilichangia.

Whyte alifariki New York mnamo Januari 12, 1999, akiwa na umri wa miaka 81.