Dedan Kimathi: Shujaa Asiye na Kaburi

Dedan Kimathi wa Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thege, eneo la Tetu, Nyeri. Alisoma Karuna-ini, kisha shule ya misheni ya Tumutumu, ingawa hakuyakamilisha masomo yake. Alifanya kazi za ukarani na ualimu, na hata jeshini aliingia kwa muda mfupi. Mnamo 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao sasa huitwa Nyahururu. Kwa hiyo, kabla ya kuishika bunduki, Kimathi alikuwa mtu wa kalamu.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliingia katika msitu wa Nyandarua. Mwaka uliofuata aliongoza Baraza la Ulinzi la Kenya, na mwaka 1954 likaundwa Bunge la Kenya humo humo msituni. Aliandika barua nyingi na kusisitiza kwamba wapiganaji waweke kumbukumbu za vita vyao, maana alijua kuwa aliyeshindwa asipoandika, mshindi humwandikia.

Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi mguuni na kukamatwa. Picha iliyoenezwa na serikali ya kikoloni ilimwonyesha akiwa amelala, nywele zake ndefu zikiwa zimesokotana, mikono ikiwa na pingu. Alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Kosa lililomfikisha kitanzini halikuwa mauaji bali kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo chini ya sheria za hali ya hatari lilikuwa na adhabu ya kifo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa.

Baada ya uhuru, barabara ya Hardinge jijini Nairobi ilipewa jina lake. Hata hivyo, sheria ya kikoloni iliyoharamisha Mau Mau ilibaki palepale kwa miaka 40, hadi ilipoondolewa mwaka 2003. Jina la kiongozi lilisomwa na kila mpita njia, ilhali jeshi lake lilihesabiwa kuwa kundi haramu.

Ndipo serikali ilipoamua kumsimamishia sanamu. Kazi hiyo ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, naye Kevin Oduor akawa mchongaji. Chuo hicho kilianzia mwaka 1965 katika majengo ya Templer, kambi ya jeshi la Waingereza huko Kahawa, na hakiko mbali na Kamiti. Hivyo basi, waliotakiwa kumrudishia Kimathi umbo lake walikuwa wanataaluma waliorithi kambi ya jeshi lililomwinda.

Uamuzi wao wa kisanaa ulikuwa na uzito wa kihistoria. Wangeweza kuifuata ile picha ya mateka, kwani ndiyo iliyojulikana zaidi. Badala yake, Kimathi wa shaba amesimama wima katika sare za kijeshi, bunduki mkono wa kulia na sime mkono wa kushoto. Sanamu hiyo ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, katika makutano ya barabara za Kimathi na Mama Ngina.

Licha ya hayo, sanamu si kaburi. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliendelea kuomba mabaki ya mumewe yatafutwe ili yazikwe kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila kuyapata. Deni hilo la familia lingali linadai, na shaba, hata ikichongwa kwa ustadi namna gani, haiwezi kulilipa.