Aliyechora karata 78 na jina lake likaachwa nje ya pakiti

Mtu yeyote aliyekulia mitaa ya pwani amewaona wazee wakicheza karata barazani baada ya swala ya alasiri. Kopa, uru, shupaza, pau. Mmoja anapiga turufu kwa kishindo, mwengine analalamika kwamba ameibiwa mchezo. Mimi nimeyasikia majina hayo tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza yametoka wapi.

Majina hayo tuliachiwa na Mreno. Kopa kwa Kireno ni vikombe. Uru ni dhahabu, yaani sarafu. Shupaza ni panga, na pau ni fimbo. Kwa hivyo, ingawa karata zetu leo zina mioyo na maua, majina yake bado yanataja vikombe, sarafu, panga na fimbo. Na hivyo vinne ndivyo vilivyochorwa kwenye karata za taroti, zile ambazo Wazungu huzitumia kupigia ramli.

Nayasema haya kwa sababu mpwa wangu aliniletea pakiti ya karata hizo, akitaka kujua kama ni haramu kuziweka nyumbani. Upande wa ramli sikuhitaji kufikiri. Kujua ghaibu si kazi ya karatasi, na hilo mashekhe wetu wamelisema vya kutosha. Lakini zile picha zilinishika. Kila moja ilikuwa na alama ndogo pembeni, herufi tatu zilizosokotwa pamoja kama mkia wa nyoka. Juu ya pakiti mlikuwa na majina mawili, la mchapishaji na la mwanachuoni aliyeagiza kazi. Jina la mwenye ile alama halikuwamo. Nikaanza kumtafuta.

Aliitwa Pamela Colman Smith. Alizaliwa London tarehe 16 Februari 1878, wazazi wake wakiwa Wamarekani. Utoto wake wa mwanzo ulikuwa Uingereza. Mwaka 1889 baba yake alipata kazi katika kampuni iliyohusika na reli ya Jamaica, na familia ikahamia Kingston. Huko Pamela akazisikia hadithi za Anansi, buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na watumwa waliotoka Afrika Magharibi. Anansi ni ndugu wa sungura wetu: mdogo wa mwili, mkubwa wa hila. Hadithi hizo zilimkaa moyoni, na mwaka 1899 alizitoa katika kitabu chenye michoro yake mwenyewe. Baadaye alikuwa akizisimulia mbele ya watu London, kwa lafudhi ya Jamaica.

Alipofika miaka 15 alikwenda kusomea uchoraji katika chuo cha Pratt, Brooklyn. Mama yake alifariki mwaka 1896. Mwaka uliofuata aliacha chuo bila shahada. Baba naye akafariki mwaka 1899. Akawa yatima akiwa na miaka 21, hana mume wala mali ya kutosha, na mkononi ana kalamu tu. Alipokewa na watu wa tamthilia waliomzunguka Ellen Terry, mwigizaji mashuhuri wa zama zile. Alisafiri nao, akachora mavazi na mapambo ya jukwaa. Anayezitazama karata zake kwa makini ataona jukwaa hilo: watu wamesimama kama waigizaji, na pazia la nyuma limechorwa milima au bahari.

Alijaribu pia kujitegemea. Mwaka 1903 alianzisha jarida lake, The Green Sheaf, likatoka matoleo 13 kisha likafa. Mwaka 1907 Alfred Stieglitz, mpigapicha mkubwa wa New York, alifanya maonyesho ya michoro yake katika ukumbi ambao mpaka siku hiyo ulikuwa umeonyesha picha za kamera peke yake. Alikuwa na kipawa cha ajabu: akisikia muziki huona maumbo na rangi, na huvichora papo hapo. Pia aliwachorea mabango wanawake wa Uingereza waliokuwa wakipigania haki ya kupiga kura. Sifa alipata, fedha hakupata.

Mwaka 1901 alikuwa ameingia katika chama cha siri kilichoitwa Golden Dawn, ambako mshairi Yeats naye alikuwa mwanachama. Humo alikutana na Arthur Edward Waite, mtu wa vitabu na mambo ya batini. Mwaka 1909 Waite alimpa kazi ya kuchora karata zote 78 za taroti. Pamela aliimaliza ndani ya miezi michache, na karata zikatolewa na kampuni ya William Rider mwezi Disemba mwaka huohuo. Katika barua aliyomwandikia Stieglitz alimweleza kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana.

Tuuone ukubwa wa kazi hiyo. Taroti ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na ilikuwa mchezo tu. Hata jina lake la kwanza lilikuwa na asili moja na neno letu turufu. Vile vikombe, sarafu, panga na fimbo Wazungu walivipata kwa Waislamu wa Misri wa zama za Mamluki, ambao fimbo zao zilikuwa za mchezo wa polo; baadhi ya karata zao ziko mpaka leo katika jumba la Topkapi, Istanbul. Habari ya kwamba taroti ni siri ya Mafirauni ilizushwa na Mfaransa mmoja mwaka 1781. Kabla ya Pamela, karata 56 za vikundi vinne kwa kawaida zilikuwa na alama tupu. Panga tano zilikuwa panga tano, basi. Pamela alizipa zote watu, mandhari na kisa.

Hapo ndipo zinapoingia zile asili nne: moto, maji, upepo na udongo. Sisi wa pwani hazitugeni. Vitabu vya falaki vinavyozunguka kwetu hugawa nyota kwa hizohizo, na wapo wanaohesabu jina la mtu na la mamake ili kujua kama nyota yake ni ya moto au ya maji. Elimu hiyo ilitoka kwa Wayunani, ikalelewa na Waarabu, ikafika London na ikafika Lamu. Wanachama wa Golden Dawn walisema fimbo ni moto, vikombe ni maji, panga ni upepo na sarafu ni udongo.

Pamela hakuliandika somo hilo kwa maneno. Alilificha ndani ya picha. Mfalme wa fimbo ana mijusi ya salamanda, ambayo watu wa kale waliamini huishi ndani ya moto. Kijana wa vikombe ameshika kikombe na samaki anachungulia kutoka ndani yake, na mfalme wao ameketi juu ya kiti kinachoelea baharini. Mpanda farasi wa panga anakwenda mbio huku miti imepinda kwa upepo na mawingu yamechanika. Katika sarafu kuna mashamba na maua, na mkulima ameegemea jembe akiyatazama mazao yake. Yote manne hukutana kwenye karata ya mwisho, Dunia: pembeni zake kuna simba wa moto, tai wa maji, mtu wa upepo na fahali wa udongo.

Iliyonigusa mimi ni ile ya panga sita. Mwanamke amejitanda, ameinama, na mtoto wake yuko ubavuni. Wamo ndani ya mtumbwi, na mvushaji anasukuma kwa upondo. Panga sita zimesimama wima mbele yao. Upande mmoja maji yana mawimbi, upande wa pili yametulia. Anayejua Mtongwe au Lamu hahitaji mpiga ramli wa kumfasiria. Huyo ni mtu aliyehama na huzuni yake, na huzuni imepanda chombo pamoja naye. Nadhani hiyo ndiyo siri ya picha hizi. Mchoraji wake alikuwa amevuka bahari mara nyingi na amezika wazazi mapema, akaweka aliyoyaona.

Mwaka 1911 Pamela aliingia dini ya Kikatoliki. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza alirithi fedha kidogo, akakodi nyumba Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, na kuendesha makazi ya mapumziko ya mapadri. Michoro yake haikununuliwa tena. Alifariki katika mji wa Bude tarehe 18 Septemba 1951, akiwa na miaka 73. Vitu vyake vilipigwa mnada kulipa madeni. Rafiki aliyeishi naye, ambaye alimwachia urithi, hakubakiwa na kitu. Kaburi lake halijulikani lilipo.

Karata zake, kwa upande mwengine, zimeuzwa kwa mamilioni duniani kote. Kwa miaka mingi ziliitwa Rider-Waite, yaani mchapishaji na mwagizaji. Ni hivi karibuni tu ambapo wengi wameanza kuongeza jina la Smith.

Nimewaza sana jambo hili nikitazama leso kwenye kamba ya nguo. Pindoni pana alama ya mwenye biashara. Jina la leso, yale maneno yanayomaliza ugomvi au kuuanzisha, alitunga nani? Nani alichora ule mji? Nani alichonga mlango huu tunaowapeleka wageni kuupiga picha, nani alishona ile kofia? Mafundi wetu wengi hulipwa mara moja, mkono kwa mkono, na kazi ikishapata soko jina lao halimo.

Mpwa wangu nilimjibu kwamba ramli aiache. Kisha nikamwonyesha ile alama pembeni. Yeye hupaka hina maharusi, na picha za mikono aliyoipamba huzikuta zimetumwa huku na kule bila jina lake. Aliitazama kwa muda, akaniuliza inasomwaje. Nikamwambia: P, C, S. Tangu siku hiyo naye huacha alama yake ndogo, karibu na kifundo cha mkono wa bibi harusi.